Sungura wa Nyumba ya Ngumi

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi cherehani alikwenda na mama mkwe wake kununua sungura wa kukaa naye ndani, pini tatu zikiwa bado zimechomekwa kifuani pa gauni. Muuzaji, mama mnene mwenye mikwaruzo mpaka kwenye viwiko, aliuliza anachomuuliza kila mteja.

"Mumeo anatumia nini, mwanangu?"

"Ngumi. Mara mojamoja mkanda."

"Mkanda mwisho wa mwezi tu," mama mkwe akarekebisha. "Mwanangu si mnyama."

Muuzaji akawapitisha kwenye vizimba. Angora, manyoya marefu, anafaa mkanda. Wenye masikio yaliyolala ni wa mume wa matusi. Kwa ngumi, Chinchila: kifua kipana, mfupa unaunga upesi. Ila alale sebuleni. Akifungiwa nje, kipigo kinarudi kwa mwenyewe.

"Mimi shida yangu mikono," fundi akasema. "Nina sare mia na ishirini za shule, na kidole hiki kimeunga upande."

"Huyu anabeba mwili mzima, mikono ndani yake."

Jumatatu mchana mume alikuta chai imepoa. Akampiga mkewe ngumi tatu, ya mwisho mkononi. Chini ya meza Chinchila alitema meno mawili, na mguu wake wa mbele ukavunjika kama njiti ya kiberiti. Fundi akarudi kwenye cherehani, akamalizia kola.

Mume alipoona damu alipiga magoti mbele ya sungura.

"Maskini wee! Pole, baba. Pole sana."

Alilia makamasi. Akamfunga mguu, akamlisha uji kwa kijiko. Majirani walikuja kumpa pole sungura, na wa nyumba ya pili akaja na sungura wake, chongo, wakae pamoja kidogo.

"Na wewe huna hata alama," wakamwambia fundi. "Una bahati, shoga!"

Chinchila alikufa Alhamisi, kwa sababu ya taa ya chooni iliyoachwa ikiwaka. Damu ilifika mpaka kwenye pazia. Sare zilikuwa zimebaki arobaini. Mama mkwe alishika kichwa, akasema wanawake wa siku hizi hawajui kutunza kiumbe.

Kesho yake mume akaenda kuchagua mwenyewe. Alibonyeza mbavu za kila sungura kwa kidole gumba, akapima migongo kwa shubiri, akamchukua Jitu, kilo nane, masikio marefu kama kandambili. Alimleta amempakata kama mtoto mchanga, akamtandikia taulo, akamkuna paji la uso mpaka akasinzia.

Halafu akavua saa, maana ina kona kali na mnyama hana kosa lolote. Akaiweka juu ya kabati, akamwita mkewe.

Fundi akajibu kutoka chumbani kwamba anamalizia mfuko wa sare, dakika mbili tu.

Mume akavuta kiti, akamsubiri.