Kimya cha Kulipia

Simu ilikaa ndani ya tumbo la kochi. Kochi lenyewe lilikuwa limechunwa ngozi, springi nje nje, gunia likining'inia kama ulimi, na katikati ya springi hizo, kama yai kwenye kiota, ndipo fundi Misumari alipoilaza, spika juu. Humo mchana kutwa ilitoka pumzi ya mtu aliyelala.

Aliyelala alikuwa Kitinda, mdogo wake wa mwisho, na alikuwa mbali, nchi ambayo hata jua lake ni la kuazima. Kule alikesha usiku kucha akimlinda mzee wa watu asianguke kitandani. Kukipambazuka alirudi chumbani kwake, akavuta pazia, akambipu dada yake. Misumari akampigia. Hawakuwa na mengi.

"Dada, gonga nilale."

Basi. Misumari alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, nyundo yenye sumaku inaudaka, ta, ta, tata, ta, kitambaa kinakaa kwenye mbao. Taratibu ile pumzi ya upande wa pili ikarefuka, ikawa nzito, ikawa kama bahari ya mtu mmoja. Karakana nayo ikabadilika. Vumbi la sponji lililokuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha likaacha kushuka. Misumari akawa anagonga huku, anaona kule: pazia la kijivu, soksi juu ya kipasha joto, kisogo cha mdogo wake kwenye mto. Hajawahi kukanyaga chumba kile. Lakini angeulizwa kitanda kimeelekea wapi, angejibu bila kufikiri.

Hao wawili walilelewa chini ya meza ya baba yao, naye fundi makochi, juu ya mabaki ya sponji. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo. Wao walibembelezwa kwa nyundo, na nyundo ilipokaa kimya walijua baba katoka, wakafumbua macho wote wawili kwa pamoja.

"Shemeji," alisema naye Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, seremala aliyemchongea fremu, "dunia nzima hii ni wewe peke yako uliyenunua maneno ukiwa na misumari mdomoni."

Misumari hakuweza kujibu. Alimrushia kipande cha sponji.

"Na hapo umenijibu bure. Ungenijibu kwa simu ungekatwa."

Maana mkataba wa simu hiyo ulikuwa ugomvi wa nyumba. Binti mmoja chini ya mwavuli wa kampuni ya simu ndiye aliyemsimamisha Misumari sokoni: mama, maongezi bila kikomo, ndani na nje ya nchi, na simu unapewa bure! Misumari alipaswa kukimbia palepale. Neno bure alilijua toka utotoni. Alikikumbuka kibanda cha simu cha kona ya mtaa wao, kilichomeza sarafu za baba yake siku bibi alipozidiwa. Baba alikipiga ngumi, akakibembeleza, akakipiga tena, na kibanda kile hakikutoa sauti wala sarafu. Kiling'olewa baadaye. Hela za baba hazikurudi, na waliozila hawakusema hata samahani. Watoto wao ndio hawa wa leo, wenye miavuli. Lakini Kitinda alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi, akisema kule mchana ni kimya kibaya, kimya cha watu wasiojuana. Misumari akatia saini miaka miwili.

Shemeji alipiga hesabu kwa penseli ya useremala, kwenye mbao. Kwa wanachokata kila mwisho wa mwezi, simu ile ya bure ingekuwa imelipiwa mara mbili ya bei ya duka la ng'ambo ya barabara. Cherehani ya kushonea ngozi waliyoitamani ilikuwa ndani ya hesabu hiyohiyo. "Tumeiuza cherehani kabla hatujainunua," alisema, na hapo hakuwa anatania. Ile ya zamani ilikuwa imeshakufa. Ngozi zote sasa Misumari alizishona kwa mkono.

Na mkono haupigi kelele. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Mwanzoni walidhani ni mtandao. Misumari ameinama na sindano yake iliyopinda, karakana imetulia, mara ile pumzi ndani ya kochi inakatika, pwi. Akipiga tena anamkuta Kitinda ameshtuka, moyo mbio, kama mtu aliyevutwa mto. Kesho yake hivyohivyo. Siku za kugonga, hakuna tatizo. Siku za kushona, inakatika. Akajaribu simu za intaneti: chini ya bati lile sauti ilitoka kama ya mtu aliyezama ndani ya pipa. Akarekodi nyundo yake, akamtumia. Kitinda aliisikiliza siku mbili tatu, akasema, "Dada, hiyo nyundo imekufa. Najua pigo linalofuata. Ninalala kwa sababu sijui, halafu linakuja."

Kisha Kitinda akasinzia kazini. Mzee wake akaamka akatoka, wakamkuta mlangoni pekupeku kwenye baridi, akiwa mzima kwa rehema za Mungu tu. Wenye nyumba wakamwambia Kitinda maneno machache: ikitokea tena, chukua begi lako.

"Sikulaumu, dada," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi ulioloweshwa kupitishwa tunduni. "Nakwambia tu."

Misumari akatema misumari yote kiganjani. Siku iliyofuata, Kitinda alipokwisha kubipu na laini ikafunguka, alimgeukia Shemeji. "Mimi naenda kwa hao watu. Simu naiacha hapa. Fanya lolote, ila usinyamaze."

"Mimi? Kunyamaza?" Shemeji alisema. "Umenijua leo?"

Ofisi ya kampuni ilikuwa baridi kama ndani ya friji, na viti vyake, Misumari aliviona kabla hajakaa, vilikuwa vimepigwa pini za bunduki ya kubania vitambaa, sponji nyembamba, kazi ya haraka. Akangoja zamu. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu yangu inakatika."

"Naomba niione."

"Iko kazini."

Kijana akamtazama. "Sasa wewe umekuja na nini?"

"Nimekuja na mkataba. Huo ndio niliotia saini. Simu haikutia saini."

Kijana akaandika namba, akasoma kioo chake, uso ukamkunjuka kama mtu aliyepata jibu la fumbo. "Aa, mama, simu yako haina ubovu. Ni mfumo. Ukikaa muda bila kusikia sauti ya aliyepiga, unajua mteja amesahau kukata. Unamkatia. Ni huduma hiyo, tunakulinda."

"Mnanilinda na nani?"

"Na matumizi yasiyo ya lazima."

"Si mlisema bila kikomo?"

"Maongezi, mama. Kisicho na kikomo ni maongezi. Kimya si maongezi."

Neno hilo lilimrudisha Misumari utotoni. Kwa nukta chache alikuwa tena chini ya meza, miguu ya baba ikipita, kisogo cha Kitinda kwenye bega lake, hakuna anayesema kitu, na hakuna kitu kilichobaki kusemwa.

"Mama yako yu hai?" aliuliza.

"Yupo."

"Ukikaa naye jioni, hamsemi, kila mtu na lake, wewe huwa umekaa na nani?"

Kijana aliangalia kibodi. "Mama, mimi nimewekwa tu hapa."

"Najua umewekwa. Hata yule aliyetufungia maji mtaani, mwaka ule visima vilipokauka, alisema amewekwa. Tangu nizaliwe sijamwona anayeweka."

Foleni ikaanza kusogea karibu, si kwa haraka ya kuhudumiwa, bali ya kusikia. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mimi walinikatia mume wangu akiwa wodini. Alikuwa hawezi kusema. Nilitaka nimsikie tu anapumua."

"Jamani tuna kazi zetu," akaguna mzee wa nyuma.

"Zako ni zetu, mzee wangu," Misumari alimgeukia, na sauti yake ilikuwa imeshapanda yenyewe. "Hawa wanatuuzia hewa, wanaikatakata kama sabuni ya mche, na bado wanataka na povu liwe lao! Tukisema tunalipa. Tukinyamaza, tumelipa pia, ila wanatukatia. Sasa tulichonunua ni kipi?"

Watu walicheka, wawili wakapiga makofi. Mlinzi alisimama, akakaa tena. Naye alikuwa akisikiliza. Kijana wa kaunta alingoja vicheko viishe, akasema kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba mfumo uko makao makuu, yeye hawezi kuugusa.

"Nikivunja mkataba?"

"Utalipa miezi yote iliyobaki. Na simu unarudisha."

"Ile ya bure?"

"Ile ya bure, mama."

Foleni nzima ilicheka tena. Misumari hakucheka. Alikunja karatasi zake, akamwambia kijana asalimie mama yake, akatoka kwenye jua.

Njia ya kurudi ilirefuka kama njia za ndotoni, miguu inakwenda na nyumba hazisogei. Aliwaza: Shemeji kapata mteja, wamekaa wanavutana bei nje. Aliwaza: kachoka, kaegemea, kanyamaza kidogo tu. Kidogo tu ndiyo iliyokuwa inamuua mdogo wake. Aliona pazia la kijivu likivutwa, begi likishushwa kutoka juu ya kabati. Angeenda kuwaambia nini watu wa kule, kwamba dada yake alikuwa anashona?

Alipofika kona, ile ya kibanda kilichong'olewa, aliisikia.

Ta. Ta. Kimya. Ta.

Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi. Kitanda cha mteja kilisimama kando, hakijaguswa. Mbele yake kulikuwa na ubao usio wa kazi yoyote, na ubao ule ulikuwa umepandwa misumari safu kwa safu, mingine imepinda, kama shamba lililopigwa na upepo. Mdomo wake ulikuwa umejaa. Mwanaume ambaye hajawahi kukosa neno alimwona shemeji yake, akatoa macho, akainua kidole kwenye midomo iliyotuna.

Ndani ya springi, pumzi ilikuwa ndefu na nzito.

Misumari aliweka karatasi zake chini. Alivua viatu, akachukua ngozi na sindano, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, akashona. Shemeji akagonga. Vumbi likasimama kwenye mwanga. Wakati fulani sindano ilimtoka mkononi, kichwa kikaangukia sponji, na alikuwa chini ya meza, na miguu iliyopita ilikuwa miguu ya baba.

Sauti ya Kitinda ndiyo iliyomwamsha, jua likiwa limeshahama dirisha.

"Dada? Leo aliyegonga nani?"

"Umejuaje si mimi?"

"Huyu anagonga kama anabisha hodi."

"Umelala lakini?"

"Nimelala mpaka nimemwota baba." Akapiga mwayo, mwayo mnono wa mtu aliyeshiba. "Ngoja nioge, zamu inakaribia. Mwambie karibu ndani."

Simu ikakatwa, safari hii na mwenyewe. Shemeji alitema misumari kiganjani, akausugua utaya wake.

"Wamesemaje?"

"Kimya si maongezi."

Shemeji aliweka nyundo chini. "Wezi hawa."

"Wezi."

"Na cherehani ndiyo basi tena."

"Mwaka huu, basi tena."

Shemeji aliitazama simu ndani ya kiota chake, bila utani wowote.

"Kesho unashona tena kwa mkono?"

"Nashona."

Akachukua koleo, akauvuta ule ubao mapajani, akaanza kuing'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha, ya kesho.