Vichwa Tisa Ndani ya Sponji

Harufu ndiyo iliyonimaliza nguvu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la baba mkwe wangu, pua kwenye upenyo wa kifuniko, na kilichonijia hakikuwa harufu ya mbao wala mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu chachu, kama ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Mlikuwa na vichwa tisa vya treni mle, kila kimoja urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Baba mkwe alivitengeneza mwenyewe kwa shaba, bati na chuma, miaka aliyokuwa dereva wa treni za kweli na miaka iliyofuata baada ya kustaafu. Magurudumu yanazunguka, vyuma vya ubavuni vinakwenda mbele na nyuma, mlango wa tanuri unafunguka kwa ncha ya ukucha. Rangi aliipaka kwa brashi nyembamba kama ujiti, tabaka juu ya tabaka.

Miaka mitatu iliyopita, macho yake yalipoingia ukungu hata akawa anamimina chai nje ya kikombe, aliniita. Kidoti alikuwa bado tumboni, ananipiga mateke.

"Mwanangu, nifungie hivi vitu. Vikae mpaka huyo aliyemo humo apate akili ya kuvishika. Chukua yale mashuka makuukuu ya pamba, uvizungushie kimoja kimoja. Usibane."

"Sawa, baba," nikasema.

Kisha nikayatazama hayo mashuka. Yamefifia, mengine yana viraka. Nikaona aibu. Vitu vya heshima namna ile nivivishe matambara? Nikaenda kwa fundi magodoro, nikarudi na sponji mpya nyeupe. Nikaikata kwa umbo la kila kichwa, nikakilaza ndani kama mtoto mchanga, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa utepe wa gundi hata pumzi isipenye. Yalikuwa majira ya mvua, kuta zinatoka jasho. Nilijiona nimefanya kazi ya kupigiwa mfano.

Yeye hakuona. Alipapasa kifuniko tu, akapitisha waya kwenye pete mbili za sanduku na kuubana kwa kipande cha madini laini ya risasi, kama walivyokuwa wakifunga mabehewa ya mizigo. "Behewa likifungwa hivi," alisema, "halifunguliwi mpaka mwenye mzigo awepo."

Sasa macho yamepasuliwa, yamepona. Miezi miwili amekaa kwa wifi yangu, karibu na hospitali, na Jumamosi anarudi nyumbani. Cha kwanza anachotaka kuona ni vichwa vyake.

Ningemsubiri kwa furaha, lau si darasa la jioni la Jumatano. Mwalimu wetu wa kemia alikuja na visikizio vya zamani, vile vya kuvaa juu ya kichwa. Sponji yake ilikuwa imegeuka uji mweusi.

"Sponji haihitaji moto ili ife," alisema. "Inakufa kwa kukaa tu. Ifungie pamoja na unyevu, inakufa upesi zaidi. Na haifi peke yake: inanata, inaondoka na rangi ya kitu ilichokumbatia."

Darasa zima lilicheka alipojaribu kufuta ule uji vidoleni, ukazidi kumganda. Mimi kalamu ilinitoka mkononi.

"Mwalimu, miaka mitatu inatosha?"

"Inategemea. Kuna ya miaka kumi ingali nzima, kuna ya miwili imeoza. Utajua ukifungua."

Ndiyo maana Alhamisi ile nilipiga magoti nikanusa.

Lazima niseme nilichokuwa nakiogopa. Baba mkwe hagombi. Angekuwa mgomvi, ningekuwa na amani. Yeye hunyamaza. Mdogo wake aliwahi kuangusha kichwa kimoja, dohani ikapinda kidogo tu, naye hakumsemesha miaka tisa. Wakila meza moja, aliomba chumvi kupitia mtu wa tatu. Na mimi niliolewa sina baba. Nilimpata katika nyumba hii. Ndiye aliyenisukuma nirudi shule. "Nenda, mtoto niachie," alisema, na kila jioni akawa anambembeleza Kidoti kwa sauti ya treni inayopanda mlima. Nikaiwaza nyumba hii, sauti yake ikiwa kwa wote isipokuwa mimi.

Nilimwambia mume wangu. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mke wangu, nakupenda, lakini hapo mimi simo."

Ijumaa nikampigia wifi.

"Mbona sauti kama kuku aliyenyeshewa?" akauliza. Nikamweleza yote. Akaguna. "Kata huo waya, safisha, funga mwingine. Vipande vya risasi vimejaa kwenye droo yake. Macho mapya yale, yataujuaje waya wa zamani?"

"Na nikikuta vimeharibika?"

"Sema panya."

"Panya gani anakula rangi, wifi?"

"Panya msomi. Wa darasa la jioni."

Nilicheka nisitake, kisha nikakata simu nikaenda kuchukua koleo. Nilitia waya kwenye meno yake. Kila siku inayopita uozo ule unazidi kula, nikajiambia, kata. Lakini nikikata nitakuwa nimemharibia vitu viwili, na hiki cha pili, imani yake, hakina rangi ya kupaka upya. Nikalirudisha koleo mahali pake.

Jumamosi alifika na wifi, miwani myeusi usoni. Akaivua, akamwinua Kidoti mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama sana.

"Kumbe kidoti kipo kweli shavuni! Nilidhani mnanitania."

Tukacheka wote, lakini mimi nikaacha mapema, maana alikwishageukia sanduku. "Mama Kidoti, niletee koleo."

Nililileta. Sikumpa.

"Baba, usikate kwanza. Sikutumia mashuka." Nikasema yote: aibu yangu, fundi magodoro, nailoni, mwalimu, harufu. Nilisema nikitazama vidole vya miguu yake.

Hakujibu. Akanyoosha mkono, nikampa koleo, akakata.

Cha kwanza kilikuwa cha kijani, kazi yake ya mwanzo kabisa. Ndani ya nailoni mlikuwa na matone. Sponji ilikuwa rangi ya chai iliyolala, inanata kama tui lililoganda. Aliivuta kidogo, taratibu. Ikatoka na ubavu mzima wa rangi, shaba ikabaki uchi, ina madoa.

"Babu," Kidoti akasema, "imechubuka."

Hakumjibu hata yeye. Wifi alikuwa anahesabu mbao za dari. Mume wangu alikwenda kutafuta viti, na viti vilikuwa pale pale. Baba mkwe akakiweka kichwa mezani, akainuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Miaka tisa, nikawaza. Kidoti atakuwa na miaka kumi na miwili. Nilisimama nimeshika meza, nikimsikia akifungua kabati na kulifunga, akiburuta kitu. Halafu mlango.

Alitoka na mashuka makuukuu begani na brashi mkononi.

"Nilisema mashuka!" Sauti ilipiga kuta. "Nilisema pamba! Hayo masikio uliazima wapi, ukayarudisha kabla sijamaliza kusema? Shuka kuukuu limefuliwa mara elfu, halina tena cha kutoa! Kizuri, kizuri, nani alikuomba kizuri? Leta maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni, moja! Cha pili usikivute, utakiua. Na mimi mjinga mwenzako, miaka mitatu sikufungua hata mara moja! Hata mgonjwa hutembelewa!"

Alikuwa ananigombeza. Mimi. Uso kwa uso, mate yakiruka. Nikaketi, machozi yakanitoka kama bomba lililopasuka.

Tulifungua cha pili, chekundu. Sponji ilikuwa imekamata tangi lote na hakuna aliyejua chini yake kuna nini. Alinishikisha magurudumu, naye akaanza kulowesha ukingo kwa brashi, unywele kwa unywele, bado anafoka.

"Shikilia imara. Na usinililie juu ya chuma, mwanangu. Machozi yana chumvi."

Nikafuta uso kwenye bega, nikashikilia.