Povu Kwenye Mafuta ya Sikudhani

Sikudhani alitoka Kondoa akaja kufungua kibanda cha mafuta ya alizeti Ihumwa, wakati watumishi wa serikali walipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi. Miaka miwili ya mwanzo mafuta hayakukaa. Alikuwa akiyaleta kutoka Mlali Jumatatu, ikifika Alhamisi yamekwisha. Mwaka wa tatu wateja wakaanza kupita. Hawakuwa wamehama mtaa. Aliwaona kila jioni wakishuka kwenye basi, wakamsalimia, wakamuulizia watoto, kisha wakashika njia yao.

Jirani yake Mwanasha alimwambia hapo pana mkono wa mtu. Sikudhani alikwenda kwenye semina ya wajasiriamali mjini, ambako msemaji aliwasimamisha wote na kuwataka waseme mara tatu, "Mimi ni tajiri." Alisema kwa nguvu zake zote. Aliporudi akapaka kibanda rangi mpya na kushusha bei. Wiki mbili zikapita, madumu yakabaki palepale.

Jioni moja akapita Miriam, karani katika mojawapo ya ofisi za serikali za Mtumba, ambaye zamani alikuwa hakosi kununua kila wiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo ni mafuta kwenye mfuko?"

Miriam akaupeleka mfuko nyuma ya sketi.

"Usiufiche, sijakufumania," Sikudhani akasema. "Nataka kujua tu nilikukosea nini."

"Hujanikosea, mama."

"Basi mafuta ndiyo yamekukosea."

Miriam akacheka kidogo, kisha akakunja mkono wa blauzi. Juu ya kifundo palikuwa na baka la kuungua. "Yanatoa povu. Nikitia viazi yanapanda mpaka yanamwagika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kila nikipita unaniita mwanangu."

Ulimi ulimwasha Sikudhani kusema kwamba huenda viazi vilikuwa na maji. Akajizuia. Alimpa pole, na Miriam alipoondoka alikaa kwenye kigoda bila kumwita mteja yeyote. Aibu ilikuwa imemshika. Baka lile hakuweza kumsingizia mchawi.

Wiki hiyo alizunguka nyumba tisa za wateja waliomwacha. Hakubeba hata dumu moja, wasije wakadhani amekuja kuuza. Aliuliza swali moja tu: kwa nini uliacha? Sita walisema povu. Dorkasi, mke wa fundi seremala, alisema vifuniko vinavuja. Mmoja alisema mume wake amekatazwa vya kukaanga. Wa mwisho alisema hana sababu, na Sikudhani akamshukuru vilevile.

Akapanda gari hadi Mlali kwa Octavian, mwenye mashine ya kukamulia.

"Mbegu ni zilezile," Octavian alisema, akijifuta mikono. "Zamani mafuta yako yalikuwa yanakaa kwenye pipa siku nne, tope linashuka chini. Halafu wateja wakaongezeka, ukaanza kuyachukua yakiwa bado yana joto na tope. Nilikwambia. Ukasema watu wanakusubiri."

Kweli alimwambia. Sikudhani alikumbuka hata kwamba alimjibu kwa ukali.

Alifunga kibanda siku kumi. Mwanasha akawaambia watu kwamba biashara imekufa. Sikudhani alinunua mapipa mawili na kitambaa kizito cha kuchujia, akabadilisha vifuniko, akasubiri. Alipofungua aliweka jiko mbele ya kibanda na kukaanga mihogo kila jioni, watu waone sufuria wenyewe. Miriam alisimama akatazama sana. Alichukua dumu moja, akakataa kupewa bure.

Mwezi uliofuata alikuja Evarista, mpishi mkuu wa mgahawa uliolisha mafundi wa ujenzi. Alitaka lita mia mbili ifikapo Ijumaa.

"Nina sitini zilizotulia," Sikudhani akasema. "Nyingine hazitakuwa tayari mpaka Jumatano ya wiki ijayo."

"Si hizo hapo kwenye pipa?"

"Hizo bado."

"Mama, mimi nakaanga tu, siyanywi."

"Najua. Lakini sikupi."

Evarista akaenda kununua kwingine. Sikudhani alijilaumu siku tatu nzima; oda kama ile hakuwahi kuipata tangu aanze. Mara mbili alilifunua pipa kutazama tope limefika wapi, mara mbili akalifunika.

Miezi miwili baadaye Evarista alirudi. Hakutaka mia mbili tena, kwa sababu mafundi wengi walikuwa wamemaliza kazi. Alitaka arobaini kila wiki, akataka Sikudhani amhakikishie kwamba zitakuwa zimetulia. Arobaini hizo ndizo zilizomwezesha kununua pipa la tatu, kisha la nne.

Wateja wengine hawakurudi kabisa. Sikudhani hakuacha kuwafuata: kila mwezi huchagua mtu mmoja ambaye hajamwona siku nyingi, akaenda kumuuliza. Kuna waliomkaribisha chai, na kuna mama mmoja aliyemfungia mlango. Juzi alikwenda Buigiri kwa mwalimu mstaafu aitwaye Eliakimu, akaambiwa kwamba dumu la lita tano limekuwa zito mno kwa mikono ya mzee. Kesho yake akaagiza chupa za lita moja.