Bakuli la Baba Mkwe

Ukitaka kumfurahisha baba yangu, muulize habari za Kongwa. Hapa Ilomba hakuna asiyezijua, lakini wewe muulize tu. Atavuta kigoda, atasafisha koo, na atakueleza jinsi alivyokwenda huko mwaka wa arobaini na nane kulima karanga za serikali, jinsi mzungu msimamizi alivyomwita "boi" mbele za watu, na jinsi yeye, Yotamu, alivyotupa jembe chini akamwambia, "Mimi nina jina nililobatizwa." Kisha akafunga mzigo wake akarudi Mbeya. Miaka michache baadaye serikali ikashindwa na zile karanga, na ukimsikiliza baba utadhani ilishindwa kwa sababu yeye aliondoka.

Kwa hadithi hiyo aliupata uzee wa kanisa. Gideoni, mzee mwenzake, amekwisha kuihubiri mara nyingi, na akifika pale pa jembe kutupwa chini, akina mama husema amina. Mimi pia nilikuwa nikisema amina.

Sasa kaka yangu Lutengano alikwenda Iringa kufanya kazi ya useremala, akarudi na mke. Severina ni Mhehe, tena Mkatoliki, na akicheka unamsikia toka ng'ambo ya kijito. Baba yake, Mzee Kasian, alimtoa kwa shingo upande. Siku ya kumuaga alisema maneno ambayo kaka hakuyasahau: "Mnampeleka mbali. Ipo siku nitakuja kuangalia. Nikikuta hathaminiwi, narudi naye."

Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Heshima ndiyo hiyo. Mzee akishika njia hii, mkwe anashika ile. Wakikutana ghafla, mwanamke anajifunika kanga na kugeukia migomba mpaka mzee apite. Wachungaji wamehubiri weee, wamechoka. Kwa hiyo Severina aliishi mwaka na zaidi jirani na mtu aliyemjua kwa kikohozi tu.

Njia pekee aliyokuwa nayo ya kuzungumza na baba mkwe ni chakula, na chakula cha heshima kwao ni chakula cha karanga. Kwa Severina, mboga isiyo na karanga unampikia mgeni unayetaka aondoke mapema. Basi alikaanga, akatwanga, akatia. Alitia kwenye majani ya maboga, kwenye maharage, hata kwenye uji. Jumapili alioka mkate aliofundishwa na masista: unga, ndizi mbivu zilizopondwa, na karanga za kusaga, vyote ndani ya sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu yake iliwafanya watu wakumbuke kwamba wana jambo la kutuuliza.

Mama yetu, Damari, ndiye aliyelipeleka bakuli kwa baba, na ndiye aliyelirudisha likiwa tupu.

"Amekula yote," alikuwa akisema. "Anasema ndaga fijo, asante sana."

Severina alifurahi, na kesho yake akaongeza karanga.

Ukweli ni kwamba baba hakuwa akigusa hata tone. Alikuwa akilifunua bakuli, akilinusa, akilisukuma. Na mama, kwa kuogopa kumliza binti wa watu, alikwenda nalo nyuma ya nyumba akalimaliza mwenyewe. Alisema baadaye kwamba alikuwa analinda ndoa. Aliilinda vizuri sana. Mwaka ule gauni lake la kanisani lilifumuliwa mishono likatiwa kiraka pande zote mbili.

Na baba alikula wapi? Kwangu. Mimi nimeolewa hapo ng'ambo ya kijito, na Timotheo, na kila jioni baba alikuja "kusalimia wajukuu". Hao wajukuu walitambua kabla yangu kwamba salamu za babu zinakwisha chungu cha viazi kikiisha. Jioni moja sikuwa na viazi, nikamwekea chai na karanga za kukaanga. Aliruka kutoka kwenye kiti.

"Tata, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Sekela. Ondoa."

"Siondoi mpaka useme."

Alitazama mlango, akatazama dirisha, kisha akasema. Kule Kongwa, juma la kwanza, alikula kiganja kimoja cha karanga. Jicho moja likafumba. La pili likaona aibu, likafuata. Midomo ikavimba, koo likabana, wenzake wakambeba kwa machela huku akikoroma.

"Na mzungu?" nikauliza.

Baba aliinamisha kichwa. "Mzungu ndiye aliyetoa gari."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama, na mimi, ambaye wakati mwingine sina akili, nikaapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia. Akanijibu kwamba kifo ni mara moja, lakini Gideoni yupo kila Jumapili.

Nikajaribu kumdokeza Severina bila kuvunja kiapo.

"Wifi, hebu siku moja pika bila karanga."

"Kwa nini? Baba hajalalamika."

"Basi tu. Hata mbegu za maboga zinanoga."

"Hizo kwetu tunatia karanga zikiisha." Akanikazia macho, akaanza kutabasamu. "Wifi, sema kweli. Shemeji Timotheo amesifia mkate wangu, ee?"

Alikuwa ameusifia, mshenzi yule, na kwa mdomo uliojaa. Nikanyamaza kwa hasira, na kama unadhani nilipaswa kuendelea, basi hujawahi kuwa na wifi anayekushinda kuoka.

Severina alipojifungua mtoto wa kiume, Mzee Kasian akapanda basi la kuja Mbeya na debe zima la karanga. Pale Chimala akaingia mama mmoja wa huku kwetu, muuza viazi, akakaa karibu yake. Barabara ni ndefu na vumbi ni jingi, watu lazima waongee. Yule mama, bila kujua anaongea na nani, akamweleza kwamba Ilomba kuna mzee wa kanisa ambaye tangu mkwe wa Iringa aingie nyumbani, anakwenda kula kwa binti yake.

Kwa hiyo Kasian aliposhuka, uso wake ulikuwa umekwisha kuamua. Alitusalimu "kamwene" mara moja tu, akaketi, akasubiri mimi nimalize kumimina chai. Baba alikuwepo, Gideoni alikuwepo, na Lutengano alikuwa amesimama mlangoni.

"Mkwe mwenzangu," Kasian akasema, "nimekuja kumwona mjukuu. Lakini njiani nimesikia chakula cha mwanangu hakiliwi hapa. Mwanamke ambaye chakula chake hakiliwi, huyo hana nyumba. Kesho tutakula wote wawili alichopika yeye. Ukila, nitakuomba radhi mbele ya hawa. Usipokula, basi la kurudi Iringa nitapanda na Severina na mtoto wake."

"Nani kasema sili?" Baba akacheka, cheko kavu. "Kesho nitakula mpaka aseme basi!"

Nilimtazama. Akatazama chai yake. Angeweza kusema pale pale yakaisha, lakini Gideoni alikuwa amekwisha kumgeukia mgeni na kumwambia, "Huyu mzee unayemwona, alimjibu mzungu kule Kongwa."

Usiku ule Lutengano hakula. Anampenda mke wake mpaka unamwonea huruma yeye; hata randa akiishika anaimba. Severina yeye alikuwa na raha zote. Mwaka mzima bakuli lilirudi tupu, aogope nini? Akakaanga karanga za baba yake, akazitwanga, na mkate aliouoka ulikuwa mzito kwa karanga kuliko unga.

Kesho yake mchana wanaume walikaa sebuleni: baba katikati, Kasian kushoto kwake, Gideoni kulia, na mume wangu Timotheo dirishani. Gideoni akaombea chakula, na sala za Gideoni huwa ndefu. Alipomaliza, baba alimwomba awakumbuke na wagonjwa. Akawakumbuka. Baba akamwomba awakumbuke na wasafiri. Ndipo Kasian aliposema kwamba wasafiri wamekwisha kufika na wana njaa, akakata kipande cha mkate kwa mkono wake mwenyewe akampa baba.

Nilimwona baba akikipokea. Hakutafuta mahali pa kukificha wala hakukohoa. Alikishika kama dawa, na nikaelewa kwamba atakila kweli. Hofu ikanishika. Nikakimbilia jikoni.

"Severina! Baba akila karanga anavimba koo, anaweza kufa! Hajala chakula chako hata siku moja!"

"Nani, sasa..."

Tukamgeukia mama. Alikuwa na kipande cha mkate mdomoni.

Nataka mumwelewe wifi yangu alivyokuwa pale. Akimwacha baba ale, huenda tukazika. Akienda kumnyang'anya, Kasian anaona kwa macho yake kwamba chakula cha mwanawe hakiliwi, na kuna basi. Tena aende vipi, wakati mguu wake haujawahi kukanyaga chumba ambacho baba mkwe yumo? Hakutafakari. Alijivuta kanga kichwani, akajifunika uso wote asimwone mzee, akaingia sebuleni mbio, mikono mbele.

Akampokonya Gideoni.

"Yesu wangu!" akapiga kelele Gideoni, mkono ukibaki hewani bila sahani.

"Kulia!" nikamwita. "Kulia kwako, wifi!"

Akapapasa, akagusa bega la baba, akashuka na mkono, akakichomoa kile kipande kikiwa mlangoni mwa mdomo. Kisha akasimama palepale chini ya kanga yake, kipande mkononi, hajui mlango uko wapi.

Kasian akainuka polepole.

"Kumbe kweli," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya huzuni. "Mpaka yeye mwenyewe anajua hakiliwi. Severina, fungasha."

Ile kanga ikaanza kutikisika. Lutengano alikuwa mlangoni na mtoto mikononi, akamkumbatia kwa nguvu mno, mtoto akalia. Baba alimtazama mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amepona. Karanga zilikuwa zimeondolewa mkononi mwake, jina lake lilikuwa salama, na hakuna mtu aliyemtaka aseme neno lolote. Angeweza kukaa kimya tu.

"Keti, Kasian," akasema. "Kongwa hakuna mzungu niliyemjibu. Karanga ndizo zilizonijibu mimi."

Akaeleza yote: kiganja, macho, machela. Hakuruka hata gari la mzungu. Gideoni aliweka mikono kichwani, nadhani alikuwa anahesabu mahubiri. Wa kwanza kucheka alikuwa mume wangu, kwa sababu hana adabu, kisha wakacheka wote, na baba akakaa katikati ya kicheko kile ameshika magoti yake. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za jembe.

Kasian peke yake hakucheka. "Umesema kiume," akasema. "Lakini maneno hayashibishi. Nilisema nitakuona unakula alichopika. Bado sijaona."

Hapo mama akatoka jikoni na ungo, akauweka katikati ya chumba. Zilikuwa mbegu zake za maboga, nyeupe, zimechaguliwa moja moja, alizokuwa ameziweka za kupanda.

"Bakuli zote nimekula mimi," akasema. "Zilikuwa tamu. Chukua hizi, mwanangu, upike. Mwaka huu tutaomba mbegu kwa jirani."

Nikamwongoza Severina kutoka na kanga yake. Tukaosha kinu mara tatu, tukaosha na mchi na sufuria zote. Tulikaanga zile mbegu mpaka zikaanza kuruka, tukatwanga, tukatia kwenye majani ya maboga mabichi na maziwa. Sufuria ya mkate ikarudi kwenye makaa na mbegu badala ya karanga. Wanaume wakangoja mpaka jua likaanza kushuka. Kasian alikataa hata chai.

Bakuli lilipofika, baba alichovya ncha ya kidole akagusa mdomo wake, akangoja. Tukaukodolea macho mdomo ule sote, na Gideoni akausogelea karibu zaidi ya inavyofaa. Haukuvimba. Baba akamega ugali, akachovya, akala. Hakuinua kichwa mpaka alipofuta bakuli kwa tonge la mwisho. Kisha akaula mkate. Kasian naye alikula, akasema mbegu zinataka chumvi kidogo, akajiongeza, na akamwomba baba radhi kama alivyoahidi.

Baba bado hakuweza kumsemesha mkwe wake. Akampokea mtoto kutoka kwa Lutengano, akampakata, akageukia ukuta wa jiko.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti kubwa, "mwambie mama yako kwamba babu amekula viazi vya Sekela mwaka mzima, na viazi vya Sekela ni vibaya."

"Tata!" nikasema.

"Mwambie asiende," akaendelea. "Mwambie babu anaomba asiende."

Nyuma ya ukuta tukamsikia Severina, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu, mwambie babu siendi. Mwambie na chakula bado kipo."

Baba akanikabidhi mtoto. Akachukua bakuli kwa mikono yake mwenyewe, akaenda nalo mpaka mlangoni pa jiko, akaliweka chini, akageuza mgongo, akasubiri.