Ukili wa Stempu ya Msambweni

Barua kutoka makao makuu ilimfikia Jacinter Akoth mwezi wa Februari, mwaka wa tisini na nane. Alikuwa karani katika posta ya Msambweni, mzaliwa wa Siaya aliyekaa pwani miaka minane na kuizoea. Barua ilisema kwamba shirika linakusudia kutoa stempu nne za ukumbusho kuhusu kazi za mikono, na moja itaonyesha ususi wa mikeka wa pwani ya kusini. Mchoraji angefika Jumanne. Karani aliombwa amtafutie msusi.

Jacinter hakwenda mbali. Nyumba ya tatu nyuma ya posta alikaa Bi Mwanatumu, mjane wa Kidigo aliyesuka tangu utotoni, na ambaye wanawake wa mtaani walimpelekea kazi zao azikague.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Jacinter akamweleza jinsi mambo yanavyokwenda. Kamati hukaa Nairobi na kuchagua mambo yanayostahili kukumbukwa. Mchoraji huchora, kamati hutazama, na ikiridhika mchoro hupelekwa ng'ambo kuchapwa. Kisha hutangazwa siku maalumu, na siku hiyo stempu huanza kuuzwa nchi nzima, zikigongwa muhuri wa siku ya kwanza.

"Na zikiisha?"

"Zikiisha zimekwisha, mama. Hazichapwi tena."

Bi Mwanatumu alifikiri kidogo. "Sura yangu sitaki ilambwe na watu nisiowajua. Mikono nawapa."

Mchoraji aliitwa Timothy, kijana mpole mwenye haraka. Alikaa barazani kwa saa mbili, akapiga picha, akachora michoro midogo kwa penseli, akanywa chai na kupanda gari kurudi Mombasa. Bi Mwanatumu alisema ana adabu, ila hakuuliza hata swali moja.

Mwezi wa Julai ikaja bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na nakala ya mchoro kwa rangi kamili, na kijibarua: *Mwonyeshe mama. Kamati imeshapitisha. Baada ya wiki tatu unakwenda kwa wachapaji.* Jacinter aliutazama akafurahi. Mikono ilikuwa ya Bi Mwanatumu hasa, na ile miyaa ya ukindu, nyekundu na ya zambarau, iliwaka. Hakungoja hata saa ya chakula. Alimwomba mwenzake amshikie dirisha, akatoka nao mbio.

Bi Mwanatumu aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akauweka mapajani.

"Hujaupenda, mama?"

"Mikono ni yangu. Lakini inafanya nini hii mikono?"

"Inasuka mkeka."

"Tazama vizuri, mwanangu. Chane za miyaa amezisimamisha hizi, akazilaza hizi, kama wavu. Ukili hausukwi hivyo. Chane hupandiana kwa mshazari, na utepe hutoka mwembamba, mrefu. Tepe ndizo zinazoshonwa zikawa mkeka. Huyu amenichora nikisuka kitu kisichokuwako." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wasichana niliowafunza wataiona hii. Nami nitakuwa nimeshakufa, stempu bado ipo."

Alasiri Jacinter alimpigia Timothy simu ofisini kwake.

"Madam, kamati imeshapitisha," alijibu Timothy. "Stempu ni ndogo kama kidole gumba. Nani atagundua?"

"Mama amegundua."

"Nikirudi kwao niseme nilikosea, hawatanipa kazi tena." Akakata simu.

Jacinter alikaa na kalamu. Alijua makarani wa posta ndogo hawafundishi makao makuu kazi. Hata hivyo alimwandikia mwenyekiti wa kamati barua ya kurasa mbili, akaeleza kosa, akataja tarehe ambayo Timothy alikuja na muda aliokaa. Kabla ya kuifunga alikwenda kumsomea Bi Mwanatumu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Umeandika kweli tupu. Ila usiipeleke."

"Kwa nini, mama? Siku zinakwenda."

"Mimi nikikuta msichana kasuka vibaya, simwendei mumewe. Namwambia mwenyewe, namfumulia, anaanza tena. Niachie mpaka kesho."

Asubuhi Jacinter alimkuta na kipande cha ukili, urefu wa shubiri moja, nusu yake imesukwa na nusu chane zimeachwa huru. "Mtumie. Mwambie aufumue, kisha ausuke tena kwa mikono yake."

Jacinter aliipasua barua ya kurasa mbili. Akaandika mistari mitatu, akaitia pamoja na ukili, akaisajili bahasha kwa jina la Timothy.

Wiki ya kwanza ikapita kimya. Ya pili nayo ikaelekea kwisha. Jacinter alianza kujuta, akijiambia kwamba kwa kulinda heshima ya Timothy amempotezea mama heshima yake. Bi Mwanatumu alipita dirishani kila asubuhi, akasalimu, akaenda zake sokoni.

Ijumaa simu ililia.

"Nimeusuka mara nne," alisema Timothy bila salamu. "Mara tatu umenishinda. Ya nne ndipo nikaona vidole vinakwenda wapi. Madam, hata vile vidole nilikuwa nimevikunja vibaya! Nimechora upya. Jana nimeupeleka mchoro mwenyewe kwa kamati, na ukili pia."

"Wamesemaje?"

"Mwenyekiti aliuliza kosa ni la nani. Nikasema langu. Akauchukua ule ukili, akauzungushazungusha mkononi, akasema uchapaji utasogezwa mbele mwezi mmoja." Akacheka kidogo. "Kazi bado ninayo. Mwambie mama asante. Mwambie nitakuja kujifunza kushona."

Jacinter aliweka simu chini, akamwomba mwenzake amshikie dirisha tena.

Stempu zilitoka Machi mwaka uliofuata. Asubuhi hiyo watu walijipanga hadi nje, wengine wakitaka tu kuona. Bi Mwanatumu alikuja na kanga mpya, akaletewa kiti. Aliisogeza stempu karibu na jicho, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mshazari," alisema, akamrudishia Jacinter. "Nipe kumi."

Nyuma yake alisimama Kanze, msusi kutoka Shimoni, aliyeichungulia stempu juu ya bega lake. "Nyekundu hii imepauka," alisema. "Sisi kwetu twaichemsha zaidi."

"Kwenu mwaichemsha mpaka miyaa yakatika!"

"Nani kakwambia?"

"Niliuona mkeka wako harusini, Kanze. Nikanyamaza."

Foleni nzima ikacheka, na Kanze mwenyewe akacheka. Wale wawili wakasogea pembeni kuendelea na ubishi wao wa rangi, na Jacinter akamwita mteja aliyefuata.