Mafuta Yasiyochacha

Baba alifungua transfoma kwa miaka thelathini na moja, na kila mbovu iliyoingia karakanani ilimwachia mafuta. Mafundi wote waliyabeba nyumbani. Waliyasifu kwamba hayachachi, hayanuki, na goti likisuguliwa kwa mafuta hayo jioni, asubuhi halilii. Alipostaafu alibaki na madumu matatu stoo. Binti yake mdogo alipopata mimba na kiuno kikaanza kumsumbua, mama alimkanda kwa mafuta hayo kila jioni, miezi saba mfululizo.

Binti mkubwa alikuwa mpimaji wa maabara. Alichota kijiko kimoja, kimyakimya, akakipima. Kemikali iliyopigwa marufuku kabla hajazaliwa ilikuwamo, mara kumi na mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Akatoa taarifa, na watu waliovaa glavu wakaja kuyachukua madumu. Baba alisema amejipaka miaka yote hiyo na bado anamaliza sahani mbili. Tena mkono mtupu haulambwi, na hawa wanabeba dawa yake bila kumwachia hata kidonge.

Mdogo alipojifungua, alipimwa damu. Kiwango kilikuwa juu. Daktari alieleza kwamba kemikali hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili, na huchukua takriban miaka kumi kupungua nusu. Aendelee kunyonyesha, alisema, kwa kuwa faida ya maziwa inazidi hatari inayojulikana. Dada mkubwa alisoma kila utafiti alioupata, akaona daktari hajakosea. Neno lililomnyima raha ni “inayojulikana”.

Miezi tisa baadaye alimpima tena mdogo wake, akampelekea majibu mwenyewe. Kiwango kilikuwa kimeshuka. Mdogo aliisoma karatasi akiishika kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kifuani, akaanza kumtania dada yake: shule yote ile, na hesabu imemshinda.

“Wewe na daktari na miaka kumi yenu,” alisema. “Miezi tisa tu, robo nzima imetoka.”

Dada alikuwa akiitazama sakafu.

Kicheko kikakatika. Mdogo aliisoma karatasi upya, polepole, kisha akainamisha macho kwenye kinywa cha mtoto.

“Dada. Imetoka ikaenda wapi?”

“Mnyonyeshe. Daktari hajakosea.”

“Sijauliza habari za daktari.”

Mtoto alimaliza titi la kushoto, akaanza kulia. Mama yake alikaa vile vile kwa muda, mkono juu ya vifungo vya blauzi. Halafu akamgeuzia la kulia.