Waceke wa Tano

Waruguru alifika Membley kwa binti yake na sufuria ya njahi, maharagwe meusi apikiwayo mzazi, huku jina la mjukuu wake akilijua tayari. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba; wa pili ndiye hupewa la mama wa mama. Naye Kui, binti yake wa pekee, alishamwambia kwenye simu: "Ni huyu tu, Mami. Tumefunga duka."

Hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe, katika watoto tisa, alitolewa shule ili wadogo wake wasome. Ndiyo maana alipompata Kui, hakuongeza mwingine. Majirani zake kijijini Kalimoni walimcheka: "Kamoja tu! Wewe utazaliwa na nani?" Kwa mila yao, bibi huzaliwa tena mjukuu anapopewa jina lake. Waruguru aliuza sukuma wiki, akamsomesha huyo mmoja. Leo Kui ana kiwanda cha kushona sare hapo Ruiru.

Sebuleni, Waceke, mama mkwe wa Kui, alikuwa amempakata mtoto.

"Haiya, Mama Kui! Njoo uone mtu."

"Waceke mdogo hajambo?" Waruguru alijikaza kutabasamu.

"Waceke gani? Nilizaa saba, na wajukuu wanne, Mawaceke watupu, wako kwetu Witeithie. Nikitaja jina langu, kila jikoni kunaitikiwa. Wa tano wa nini?"

"Lakini desturi..."

"Desturi inataka tuzaliwe. Mimi nimezaliwa mpaka nimechoka!"

Kui akacheka, huku machozi yakimtoka. "Sisi tuliogopa kukuomba, Mama."

"Mngeniomba nini? Nusu ya wanaoshona kwako ni damu yangu." Waceke akamgeukia Waruguru. "Mimi nilileta mikono, wewe ukaleta mwenye kuipa kazi. Halafu ukose jina? Shika mtu wako."

Waruguru alimpokea mtoto.

"Waruguru," akaita.

Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika!" Waceke akasimama, akapiga vigelegele vitatu, vile vya msichana. Akavuta pumzi, akaongeza viwili.

"Mama, vitano ni vya mvulana," Kui akamkumbusha.

"Si mmesema mmefunga duka? Vya ndugu yake apewe yeye."

Waruguru akamwinua mjukuu juu ya kichwa chake, akavirudia vyote vitano, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa asubuhi hiyo.